KWA NINI MWENYEZI MUNGU ANATUAMURU?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu Waislamu wa Hewa Bora, na ninyi nyote mliotoka kartiye nyingine kuja kuswali Ijumaa pamoja nasi:

Leo nataka kujibu swali moja. Sikulitoa kitabuni. Niliulizwa hapa hapa uani, baada ya swala, watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao. Aliyeniuliza ni kijana ambaye zamani alisoma Qur'ani kwangu. Aliacha chuo akiwa mdogo, akaenda kuchimba mawe kwa mkono upande wa Kolwezi, akakaa huko miaka mingi. Sasa amerudi kwa mama yake, na Ijumaa ile ilikuwa ya kwanza kumwona msikitini tangu alipokuwa mtoto.

Akaniambia: "Shehe, kule machimboni kuna vibao kila mahali: marufuku kuingia. Sisi wote tunajua kwamba kibao kile kinalinda madini ya mwenye kiwanja, hakimlindi mtu. Na dini nayo imejaa vibao: swali, funga, usinywe hiki, usiende pale. Nitajuaje kama kibao cha Mungu hakifanani na kile cha machimboni? Yeye ana kila kitu. Utii wangu anautakia nini?"

Ndugu zangu, nilitaka kumkaripia. Neno "muogope Mungu" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nikaona kwamba hakuuliza kwa kiburi. Aliuliza kama mtu aliyechoka. Nikamwambia: "Mwanangu, nipe mpaka Ijumaa." Basi Ijumaa imefika. Na jibu nimeliandika kwa ajili yetu sote, kwa maana wengi wanalo swali hili moyoni ila wanaona haya kulitamka.

UTII TULIOUZOEA KATIKA MJI HUU

Kwanza tusimlaumu kijana. Neno "utii" katika mji wetu lina historia, na historia hiyo si nzuri.

Wazee wetu waliletwa hapa kufanya kazi ya shaba tangu ile kampuni ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906. Walihesabiwa, wakapangwa kambini, wakapewa poso kwa kipimo, na aliyekosa alikutana na fimbo ya ngozi ya kiboko. Mwaka 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipanda na wafanyakazi wakaomba mshahara uongezwe. Walikusanyika katika uwanja wa mpira wa mji huu. Waliamriwa kurudi kazini, wakakataa mpaka wasikilizwe. Tarehe 9 Desemba 1941 askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa, na mmoja wao alikuwa Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Amri ile ya kurudi kazini ilikuwa kwa faida ya nani? Shaba ilikwenda kwao, na huku tukabakiwa na makaburi.

Tena wale wa umri wangu wanakumbuka wakati wa Zaire, tulipokuwa watoto. Tuliimba na kucheza kumsifu mkubwa, na Jumamosi watu walitolewa kwenda kwenye kazi ya salongo. Aliyetii hakutii kwa mapenzi, alitii ili asionekane hatii.

Basi mtoto anayezaliwa katika mji kama huu, akisikia "Mungu anakuamuru", anafikiri Mungu naye ni bwana mkubwa wa kampuni, ila ni mkubwa kuliko wote. Hilo ndilo kosa la kwanza tunalopaswa kulitoa katika vichwa vyetu. Amri haijulikani kwa ukali wa sauti. Inajulikana kwa alama zake. Mimi nitataja alama tatu.

ALAMA YA KWANZA: FAIDA INAKWENDA KWA NANI?

Ukitaka kujua amri imetoka moyo gani, tazama nani anavuna. Anayekuamuru kulima shamba lake anataka mahindi. Mama anayemwamuru mtoto anawe mikono kabla ya kushika bukari anataka nini? Mikono ni ya mtoto, tumbo ni la mtoto, afya ni ya mtoto.

Sasa tazama kwa Mola wetu. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Abu Dharri (R.A.), iliyomo katika Sahihi Muslim, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba lau watu wote na majini wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, wangekuwa na moyo wa yule mcha Mungu kuliko wote, jambo hilo lisingeongeza kitu katika ufalme wake. Na lau wote wangekuwa na moyo wa muovu kuliko wote, lisingepunguza kitu. Na lau wote wangesimama pahali pamoja wakaomba, na kila mmoja akapewa alichoomba, kingepungua kama maji yanayobaki kwenye sindano iliyochovywa baharini.

Kwa hiyo kijana amesema kweli: Yeye ana kila kitu. Lakini ukweli huo ndio jibu lenyewe. Asiyehitaji kitu kwako hawezi kukuamuru kwa tamaa. Mwenye kampuni anahitaji mikono yako, na mfalme anahitaji sifa zako ili kiti chake kisitikisike. Asiyehitaji chochote, akikuamuru, basi amri hiyo haina pa kwenda isipokuwa kurudi kwako.

Katika Suratul Hajj, aya ya 37, tunafundishwa kwamba nyama na damu za wanyama tunaowachinja hazimfikii Allah, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Na nyama inakwenda wapi? Inakwenda kwa jirani, kwa mjane, kwa maskini. Mmeiona wenyewe Idi ya kuchinja katika avenyi zetu, watoto wakibeba sahani kutoka nyumba hii hadi nyumba ile. Yeye ameamuru, na wenye njaa wakala.

ALAMA YA PILI: AMRI INAMFANYAJE MNYONGE?

Alama ya pili ni hii: tazama amri inavyomtendea mtu asiye na nguvu. Amri ya kampuni haijui ugonjwa. Ukikosa kazini, jina lako linafutwa, na mwingine yuko mlangoni anangoja.

Tazama sasa amri za Mola wetu. Huwezi kusimama, swali umekaa. Huwezi kukaa, swali umelala. Unasafiri kwenda Likasi au Kasumbalesa, na safari imefika kipimo chake, zile rakaa nne zinakuwa mbili. Mgonjwa na msafiri katika Ramadhani wanaruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Na aya hiyo hiyo inayotaja ruhusa hii, Suratul Baqara aya ya 185, inatoa sababu: Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Hija ni kwa mwenye uwezo tu. Zaka haimgusi asiyefikisha kiwango, na aliyefikisha anatoa sehemu moja katika arobaini, zile thelathini na tisa zinabaki zake.

Na maji? Ninyi wa Hewa Bora mnajua shida ya maji. Robine imekauka, bidoni ziko kwenye foleni, na maji yaliyobaki nyumbani ni ya mtoto kunywa. Mungu mwenye kutaka kututesa angesema: tafuteni maji mpaka myapate. Yeye anasema tayamamu kwa udongo safi. Na katika Suratul Maida aya ya 6, palepale anapotaja udhu na tayamamu, anatueleza kwamba hakutaka kutuwekea taabu, ametaka kututakasa na kutimiza neema yake juu yetu.

Hata hizi swala tano, kumbukeni zilikuwa hamsini usiku wa Miraji. Mtume wetu (S.A.W.) alikwenda akirudi kuomba nafuu, na kila mara akapunguziwa, mpaka zikabaki tano zenye malipo ya hamsini. Ni mwajiri gani katika mji huu aliyepunguza kazi mara kumi na kuacha mshahara vilevile?

Na mwaka 2020, misikiti ilipofungwa kwa sababu ya korona, wengi wetu tulilia. Lakini dini haikufungwa. Tuliswali adhuhuri nyumbani na watoto wetu, kwa sababu sheria ya Allah ilikuwa imeshaacha mlango kwa siku kama zile, karne nyingi kabla hazijafika.

ALAMA YA TATU: UKIANGUKA, INAKUWAJE?

Alama ya tatu ni ile inayotokea baada ya kosa. Mwenye amri asiyekupenda, siku ukikosa, amekumaliza. Anayekupenda, siku ukikosa, anakungoja.

Umar bin Khattab (R.A.) amesimulia, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim, kwamba waliletwa mateka, na kati yao kulikuwa na mwanamke akimtafuta mtoto wake. Alipompata alimkumbatia kifuani, akamnyonyesha. Mtume (S.A.W.) akawauliza maswahaba kama wanadhani mama huyu angeweza kumtupa mtoto wake motoni. Wakasema hapana, naye ana uwezo wa kutomtupa. Akawajulisha kwamba Allah ana huruma kwa waja wake kuliko mama huyu kwa mtoto wake.

Ndugu yangu uliyekaa miaka kumi bila kuswali, umesikia? Hakuna ofisi ya kupitia, hakuna stempu, hakuna pesa ya kuweka mezani. Udhu na rakaa mbili, na maneno yako mwenyewe kwa lugha yako.

KUHUSU MAKATAZO NA MOTO

Hapo kijana atasema: "Shehe, kama ni mapenzi, kwa nini basi moto unatajwa?"

Katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amejifananisha na mtu aliyewasha moto, na wadudu wakawa wanajirusha ndani yake. Yeye anashika watu viunoni kuwazuia, nao wanamponyoka. Tazameni vizuri mfano huu. Mikono iliyoko kiunoni mwako inakubana, ndiyo. Unaweza kuhisi umenyimwa uhuru. Lakini mwenye mikono hiyo amesimama karibu na moto kwa ajili yako.

Nitawapa jambo la karibu. Tarehe 15 Novemba 2025, katika machimbo ya Kalando, jimbo la jirani la Lualaba, daraja liliporomoka na wachimbaji wasiopungua 32 wakafa. Wakubwa wa jimbo walisema kwamba kuingia pale kulikuwa kumekatazwa kwa sababu ya mvua kubwa na hatari ya udongo kuporomoka. Na ripoti ya SAEMAPE, huduma ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, ilisema askari waliokuwapo waliwatia watu hofu, wakakimbilia darajani. Mwenyezi Mungu awarehemu wale Waislamu waliokuwamo, na awape subira wafiwa wote.

Mimi sitawalaumu waliokufa. Njaa ya watoto inasukuma. Ila nafikiri hivi: siku ile kibao kilisema kweli. Mvua ilikuwapo na hatari ilikuwapo. Lakini watu wamesoma vibao miaka na miaka, na wamejifunza kwamba kibao kinalinda mali ya mtu. Basi siku kibao kilipotaka kulinda roho zao, nani angekiamini? Amri iliyokosa huruma kwa muda mrefu inaua masikio ya watu. Na masikio yakishakufa, hata onyo la kweli halisikiki.

Makatazo ya Mola wetu hayakuwekwa kulinda mali yake. Pombe imekatazwa: ulizeni wake na watoto ni nani anayelindwa. Riba imekatazwa: ulizeni yule mama wa sokoni anayelipa deni la laki moja, analipa tena, na deni bado liko palepale. Zinaa, uongo, kusengenya, tazameni moja moja. Pembeni ya kila katazo kuna shimo, na ndani ya shimo kuna watu tunaowajua kwa majina.

AMRI AMBAZO HATUONI FAIDA YAKE

Sitaki kuwadanganya. Ziko amri ambazo mimi sijui siri yake. Kwa nini magharibi ni rakaa tatu? Sijui. Wapo wanaosema swala ni mazoezi ya viungo na saumu ni dawa ya tumbo. Inaweza kuwa na faida hizo, lakini anayeswali kwa ajili ya mgongo, mgongo ukipona ataacha.

Baba aliye safarini anampigia mtoto simu kila jioni: "Umekula? Umesoma?" Majibu anayajua, mama ameshamwambia. Anapiga ili mtoto asikue kama mtu asiye na baba. Mfano huu una upungufu, kwa maana baba naye anahitaji sauti ya mtoto, na Allah hahitaji chochote. Lakini upande wa mtoto mfano uko sawa. Suratul Hashr aya ya 19 inatuonya tusiwe kama waliomsahau Allah, naye akawasahaulisha nafsi zao. Mara tano kwa siku unaitwa usijisahau. Katika mji ambao mtu anaamka akiitafuta franka na analala akiitafuta franka, kuna siku ambayo adhana tu ndiyo iliyokuita kwa ajili yako wewe, si kwa ajili ya ulicho nacho mfukoni.

Na mtu asiseme: kama Mungu ananipenda, basi nitalegea. Mtume (S.A.W.) aliswali usiku mpaka miguu ikavimba, naye amesamehewa. Alipoulizwa, jibu lake lilikuwa la mtu anayetaka kuwa mja mwenye kushukuru. Anayejua kwamba anapendwa hakai kitako.

SISI TUNAOAMURU

Sasa nafika mahali pagumu, na ninaanza na nafsi yangu.

Mimi nilifundishwa Qur'ani kwa ubao na fimbo. Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kasongo, Allah amrehemu, alinipa herufi na ninamwombea dua kila siku. Lakini fimbo yake nilikuja kuirithi pamoja na herufi. Niliwapiga watoto wa watu kwa kosa la irabu moja, nikiita jambo hilo kulinda dini.

Kijana aliyeniuliza swali, kabla hajaondoka uani, aliniambia neno la mwisho. Alisema: "Shehe, Fatiha ninaijua mpaka leo. Ila kila nikiisoma, ninaona mkono wako." Hakusema kwa hasira. Alisema tu, akavaa viatu akaenda.

Ndugu zangu, sikulala usiku ule. Sura inayoanza kwa kumsifu Mola kwa rehema, mtoto akiisoma anaona fimbo! Mimi ndiye niliyemwandikia kibao cha machimboni. Nilisimama kati yake na Mola wake, nikalitia jina la Mungu hasira zangu mwenyewe.

Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi. Ameeleza kwamba katika miaka yote hiyo hakuambiwa hata "akh!", wala hakuulizwa kwa nini umefanya hivi au kwa nini hukufanya vile. Alikuwa mtoto, na watoto wanakosea. Mtume hakukosa jinsi ya kumfundisha kwa sababu hakumpiga.

Basi baba mwenye kuamuru nyumbani, mume mwenye kuamuru, mkubwa wa kazi, mwalimu, na mimi imamu, tuzipime amri zetu kwa zile alama tatu. Faida inakwenda kwa nani? Mnyonge anafanywaje? Akianguka, anarudi kwa mlango gani? Ukiona amri yako haina hata moja, usiibandike jina la Allah.

Jumatatu nilikwenda kwa mama yake kijana. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Tulikunywa chai. Hakuniahidi kitu, nami sikumwomba ahadi. Na katika chuo chetu fimbo imetoka. Mzazi atakayeiona tena mkononi mwangu aniambie waziwazi.

Mwanangu, kama uko safuni leo, au kama mtu atakupelekea karatasi hii, jibu langu ni hili. Kibao cha machimboni kimewekwa na mtu anayeogopa kupoteza mali. Amri ya Mola wako imetoka kwa Yule asiyeweza kupoteza kitu, ambaye hataki upotee wewe. Ukitaka kujua kama nasema kweli, usinitazame mimi. Anza na swala moja, isome Fatiha polepole, na umwombe Yeye mwenyewe auondoe mkono wangu kati yenu.

Ewe Mola wetu, tupe utii wa wanaokupenda, usituache katika utii wa wanaotetemeka tu. Zilainishe nyoyo za wanaoamuru katika nyumba zetu, chuo zetu na nchi yetu. Walinde vijana wetu walio chini ya ardhi, na uwarudishe kwa mama zao. Uwarehemu wazazi wetu na walimu wetu, na utusamehe pale tulipowaficha watu huruma yako. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe chini wala usifungie kitu. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.